Nchi Iliyokataza Ki

Kutokuwepo kwa binti yangu Mwajabu kulianza Jumanne moja, yeye mwenyewe akiwa bado yupo. Alikuwa amekaa kitandani anakula muhogo wa kuchemsha, mguu wa kushoto umewekwa juu ya mto, rafiki yake wa darasa la nne akapita kumletea daftari. Yule mtoto akasema, bila ubaya wowote, kwamba siku hizi mwalimu akiita majina asubuhi anatoka Mwaija anakwenda moja kwa moja Mwanaidi. Mwajabu akaacha kutafuna. Rafiki yake alipoondoka akaniuliza, "Mama, mimi nimeshafutwa?"

Nikamjibu, "Utapona, utarudi shule."

Hilo silo alilouliza. Ugonjwa ulianzia kwenye mfupa wa paja, na wakati huo ulikuwa umeshapanda kifuani. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Yeye alikuwa hajaambiwa, lakini alijua.

Wiki hiyo hiyo tuliingia katika nchi ninayotaka kuieleza. Njia ya kufika huko siielezi kwa sababu hakuna anayeikumbuka. Mwenye mtoto mgonjwa sana hujikuta ameshafika. Tulikuwa watatu: mimi, Mwajabu, na mama yangu mzazi, Bi Semeni. Baba yake Mwajabu alibaki nyumbani kulinda nyumba na kuku.

Nchi yenyewe inaitwa Atapona. Langoni alikaa mtu mrefu mwenye miwani, Bwana Lukindo, Mkaguzi wa Maneno. Zamani alikuwa mwalimu wa sarufi, na bado alikuwa na chaki kwenye mfuko wa shati.

"Atapona?" akatuambia.

Hatukujua kwamba ni salamu.

"Hujibiwa 'Ameshapona'," akatuelekeza kwa upole.

"Ameshapona," nikasema.

"Nani?" Mwajabu akauliza.

Bwana Lukindo alijifanya hakusikia. Akatusomea sheria ya nchi, ambayo ni moja tu. Ndani ya Atapona hakuna ruhusa ya kusema ikiwa, endapo, lau, wala kama ya mashaka. Nge na ngali zimefutwa. Na zaidi ya yote imefutwa ki ya masharti. Haisemwi "akizidiwa", wala "dawa ikikataa". Wanaamini kwamba kinywa kinachosema "akizidiwa" kinaufungulia ugonjwa mlango.

Mama akauliza, "Na nikitaka kwenda chooni?"

"Sema, nataka kwenda chooni."

"Na nikishindwa kufika?"

Bwana Lukindo akafikiri. "Utafika, mama."

"Haya. Na 'nitakapokufa' je? Hiyo haina ki."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema. "Ile ina mashaka, hii haina."

Nataka niseme mapema kwamba watu wa nchi ile ni wema. Sijapata kuona watu wanaopenda watoto wagonjwa kuliko wao. Siku ya kwanza tuliletewa uji wa ulezi na watu sita tofauti, na wote walikuwa wameutia ndimu baada ya kusikia kwamba Mwajabu anapenda ndimu. Lakini mambo yao mengi yanakwenda upande. Mawingu yanatanda, nao hawaanui nguo, kwa kuwa anayeanua nguo kabla ya mvua ameiita mvua. Kwa hiyo nchi nzima huvaa nguo mbichi, na mtu akikuona unatetemeka anakuambia kwa furaha, "Itakauka."

Kando ya vitanda vya wagonjwa hakuna viti. Niliuliza sababu. Nikajibiwa kwamba anayekaa anangoja, na anayengoja ana jambo analolitarajia. Wageni wote husimama. Mama, mwenye magoti mabovu, aligeuza ndoo akaikalia. Wakamwandikia onyo, kisha wakamletea mto wa kuweka juu ya ndoo.

Mahali tulipolazwa paliitwa Nyumba ya Ushindi, na watoto wote waliitwa askari. Kila asubuhi Daktari Mkuu alipita na watu wake nyuma.

"Askari Mwajabu, vita vinaendaje?"

"Mimi si askari," Mwajabu alimjibu siku ya kwanza. "Mimi niko darasa la nne."

Wote wakapiga makofi, wakasema, "Huyu ni mpiganaji."

Kwa maumivu walitoa nusu ya kidonge cheupe, kile ambacho mtu hununua dukani kwa ajili ya kichwa. Muuguzi wa zamu ya mchana, Sista Nyamizi, aliniambia kwamba kabatini ilikuwapo dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, chupa nzima, haijafunguliwa. Yeye alisomea tiba shufaa, yaani kazi ya kumwondolea mgonjwa maumivu na kumsikiliza, iwe ugonjwa unaondoka au hauondoki. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mahali pa kufulia mashuka, na mlango haukuwa na kibao.

"Kwa nini haifunguliwi?" nikamwuliza.

"Sheria inasema ni ya mgonjwa aliye mwishoni, dada. Na nchi hii haina mwisho." Akashusha sauti. "Mwenzangu, umemuuliza Mwajabu anataka nini?"

"Anataka kupona."

"Hilo tunalitaka sote. Nauliza lingine."

Nikaondoka. Lazima nikiri jambo hapa, maana naandika ili nikumbuke, si ili nionekane mwema. Niliipenda nchi ile. Baada ya wiki mbili nilikuwa naisema lugha yao vizuri kuliko wenyeji. Nilisema "Atapona" nikiamka, nikifua, nikimlisha. Walinipa kitambaa cha kijani cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, ambacho hupewa mzazi asiyekosea hata mara moja, na nilikivaa. Mama alikitazama kitambaa kile, akatema mate pembeni.

Mwajabu naye alijifunza lugha. Asubuhi wakati wa kumwogesha alikuwa anauma blanketi, na nikimwuliza anajibu, "Sijambo, mama." Nilidhani ni nafuu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaisema lugha ile kwa ajili yangu, kama mtu anavyozungumza na mgeni asiyejua lugha nyingine.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Kesho yake ilikuwa siku ya sindano ya mgongoni, ambayo ilimchukua Mwajabu siku tatu kila mara kuinua kichwa tena. Nilikwenda bombani kuosha vikombe. Niliporudi nikawasikia yeye na bibi yake, nikasimama nje ya mlango.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Marehemu baba yangu alimwita Mwajabu "mke wangu" tangu siku aliyozaliwa, kwa hiyo yeye na mama yangu ni wake wenza, na ugomvi wao haukuwahi kwisha hata baada ya mume wenyewe kufariki.

"We mke mwenzangu," mama alikuwa anasema, "mbona uji hunywi? Unataka mume akuonee huruma?"

"Mume mwenyewe amekufa."

"Amekufa kwa kukukimbia wewe."

Mwajabu akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu tuvuke lango. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya utani, "Bibi, nikifa mimi nitamkuta kabla yako."

Mama alikuwa anakunja kanga, na hakuacha kukunja.

"Nenda. Lakini usijitie kumpikia, ugali wako una madonge."

"Na kuku wangu? Nikifa kuku wangu anachukuliwa na nani?"

"Na mimi. Namchinja siku hiyo hiyo."

"Humchinji."

"Nani wa kunizuia? Wewe utakuwa mbali huko, unalishwa na mume."

"Bibi, humchinji. Iandikwe."

"Iandikwe na nani? Ningejua kuandika ningeolewa na karani, si na babu yako."

Hapo Bwana Lukindo akanipita mlangoni mbio, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Nimesikia ki mbili," akasema. "Na nge mbili. Katika chumba cha mtoto."

"Ni utani, mwanangu," mama akamwambia bila kuinuka kwenye ndoo. "Huyu ni mke mwenzangu. Tunagombea urithi."

"Utani?"

"Kwani kwenu hamna watani? Watu wa mahali gani ninyi?"

Bwana Lukindo akatoa kitabu cha sheria. Akafunua mbele, akafunua nyuma. Tulimngoja. Mwishoni kabisa, kwenye kurasa ambazo hazikuwahi kushikwa, akakuta mstari ulioandikwa na watu wa zamani zaidi: maneno ya watani hayana kesi. Akausoma mara mbili. Chini yake palikuwa na utaratibu. Mzaha wowote unaotaja kifo uandikwe wote kwenye Fomu ya Mzaha, neno kwa neno, ili asije mtu akaudhani kweli. Ushuhudiwe na mfanyakazi. Upigwe muhuri. Nakala zipelekwe kila idara, ili wote wajue kwamba ni mzaha.

"Nani shahidi?" akauliza.

"Mimi," akasema Sista Nyamizi. Sijui alitokea wapi. Alipiga magoti kando ya kitanda, kwa kuwa hapakuwa na kiti, akaweka fomu juu ya goti.

"Haya, mke mwenza," akamwambia Mwajabu. "Kuku tumeshaandika, hachinjwi. Katika mzaha huu wenu, wewe unalala wapi?"

"Nyumbani. Chumba cha mbele, karibu na jiko."

"Kwa nini karibu na jiko?"

"Nisikie mama anapopika."

"Na sindano ya Ijumaa?"

Mwajabu akamtazama Bwana Lukindo, akamtazama bibi yake. "Ni utani tu, eti?"

"Utani mtupu," mama akasema.

"Basi siitaki. Siitaki kabisa."

"Na mguu unapouma?"

"Nipewe ile ya kabatini."

"Umeijuaje ya kabatini?"

"Watoto wote tunaijua."

Sista Nyamizi akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa taratibu na mkubwa. "Nani akae karibu nawe?"

"Bibi. Lakini asinuse ugoro humo ndani, nitapiga chafya."

"Jeuri wewe," mama akasema. "Nyumba ya mume wangu nikatazwe ugoro?"

"Andika, sista. Asinuse."

"Nimeandika. Na mama yako?"

Mwajabu aligeuza kichwa akaniona pale mlangoni, nina vikombe viwili kila mkono.

"Mama asiseme atapona," akasema. "Aseme nipo."

Halafu akaongeza haraka, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye huruma, "Huo nao ni utani, mama."

Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Sista Nyamizi alininyooshea kalamu. Kiganja changu kilikuwa kimelowa maji na jasho, kalamu ikateleza mara mbili. Nikafungua kile kitambaa cha kijani, nikafutia mkono, nikasaini.

Sasa kilichofuata ni kosa ambalo lingetokea katika nchi ile tu. Nakala zilipelekwa jikoni, kufulia, stoo ya dawa, ofisi ya sindano, na langoni. Kila idara ilipokea karatasi yenye muhuri, na wafanyakazi wa Atapona wamefundishwa tangu shule kwamba chenye muhuri hutekelezwa. Hakuna aliyesoma neno Mzaha pale juu, au aliyelisoma hakuona kwamba linabadilisha kitu. Saa tisa mtu wa sindano alikuja kufuta jina la Mwajabu kwenye orodha ya Ijumaa. Saa kumi mwenye stoo alikuja na ufunguo.

Dawa ilipimwa kwenye bomba dogo lisilo na sindano, akamwagiwa mdomoni. Ni chungu. Mwajabu alikunja uso, akalamba sukari. Kabla ya saa kumi na moja alikuwa ameliachia blanketi, akaomba ugali.

"Wenye madonge," mama akasema, na akageukia ukutani.

Baraza la nchi liliitwa kesho yake asubuhi, na mimi nililetwa kama mzazi. Daktari Mkuu ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Ndugu wajumbe," akasema, "huu ni mzaha. Mzaha hautekelezwi."

"Una muhuri," akasema mjumbe mmoja.

"Tutautekeleza, na kila mzazi atakuja na mzaha wake."

"Hatutautekeleza, na muhuri wetu utadharauliwa."

Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, huyu na "tutautekeleza", yule na "hatutautekeleza", wakibishana bila kufika popote. Niliona shida yao. Walikuwa wanataka kupima mambo mawili, na neno la kupimia walikuwa wamelifuta wenyewe. Daktari Mkuu alivua miwani, akajifuta uso. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

"Tukiutekeleza," akasema, kisha akanyamaza.

Ukumbi mzima uliisikia ile ki. Macho yote yakamwendea Bwana Lukindo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika makosa. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Akaiweka mezani.

"Endelea, daktari," akasema.

"Tukiutekeleza, mtoto atakwenda nyumbani hana maumivu. Tusipoutekeleza, atabaki hapa nasi, tukimpigia makofi." Akavaa miwani tena. "Sijui mnaonaje."

Hakuna aliyepiga kura. Waliinuka mmoja mmoja, na kila aliyepita mbele yangu alinishika mkono. Wawili walisahau kusema atapona, wakasema pole.

Mchana ule, tulipokuwa tunafunga vitu, Bwana Lukindo aliingia amebeba kiti. Kilikuwa kiti chake cha langoni. Akakiweka kando ya kitanda, akamwonyesha mama.

"Kaa, mama. Hiyo ndoo itakuvunja mgongo."

"Na sheria?"

"Nimesema ni utani."

Akabaki amesimama kidogo. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mwanawe alilala kitanda kile kile miaka kumi na mmoja iliyopita. "Nilisimama hapa siku arobaini," akasema. "Sikujua alitaka nini. Sikumuuliza, maana swali lilikuwa na ki."

Mwajabu alimsikia. Akamwambia, "Kaa na wewe, kitanda kina nafasi." Akakaa pembeni pembeni, kama mgeni, hadi gari lilipofika.

Mwajabu aliishi nyumbani siku ishirini na tatu. Sista Nyamizi alikuja mara mbili kila wiki, akatuachia chupa ya dawa na bomba dogo, akatufundisha kipimo na saa, na namba ya simu akaiandika kwa chaki ukutani. Baba yake aliondoa pazia kati ya chumba cha mbele na jiko. Ijumaa ilipita, na nyingine ikapita, bila sindano. Mama alikwenda kunusa ugoro nyuma ya nyumba, akirudi anaambiwa, "Nimesikia harufu, mke mwenza," anajibu, "Pua yako ya wivu." Kuku alizoea kuingia na kutaga chini ya kitanda, na Mwajabu alikuwa wa kwanza kututangazia kila yai.

Siku zile alinieleza mambo mengi ambayo asingenieleza Atapona. Alitaka kujua nani atakaa kwenye dawati lake. Alitaka jina lake liitwe shuleni siku moja zaidi, hata kama haitiki. Nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba. Mwalimu alilia, na kesho yake aliliita, na darasa zima likaitika kwa niaba yake. Rafiki yake alikuja kutueleza. Mwajabu akasema, "Wamepiga kelele sana?" Akaambiwa sana.

Siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nakaanga vitunguu. Aliniita. Nikazima jiko, nikaenda kukaa upande wa ukutani. Mama alikuwa upande wa pili, ameshika mguu ule usiouma.

"Nipo," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Nikasema tena, na tena. Sikusema neno lingine lolote, na halikuhitajika. Vitunguu vilikuwa bado vinanukia wakati alipoacha kupumua.

Watu hunijia siku hizi kuniuliza juu ya nchi ile, hasa wale ambao wameanza kusikia ile salamu. Nawaambia haijafutwa na sheria yake ni ile ile. Ki bado imekatazwa. Ila nasikia Fomu za Mzaha zinachapishwa kila mwezi na hazitoshi. Wazazi wasio na utani wowote na watoto wao wanapanga foleni langoni waandikishwe watani, na Bwana Lukindo anawaandikisha, amesimama, kwa sababu kiti chake hakikurudi.

Kuku wa Mwajabu yuko kwa mama. Ana miaka minne sasa na ameacha kutaga. Hachinjwi.